Premio inachemsha Kitonga tu, kwingine kote iko sawa. Mafundi watatu wamenipa majibu matatu, nianze na lipi?

Baba_Neema_Uyole
Habari za jioni wakuu. Nina Premio ile ya umbo la zamani, T240 ya mwaka 2004, injini 1NZ, CC 1,496, niko nayo mwaka wa tatu na ndio gari pekee ya familia, shule ni hiyo, kanisani ni hiyo, shambani Isyonje ni hiyo. Nikizunguka Mbeya mjini, nikienda Tunduma, nikienda hadi Makambako, sindano ya temperecha inakaa katikati kama imegundishwa na gundi. Shida inaanza nikiwa narudi nyumbani kutoka Morogoro. Nikishapita Ruaha Mbuyuni pale kwenye vitunguu, nikafika Mahenge nikaanza kuipanda Kitonga nyuma ya malori, sindano inaanza kutambaa kwenda juu.

Mwanzo nilikuwa naegesha kidogo naendelea. Sasa wiki iliyopita tumetoka kwenye msiba wa shangazi, watu watano ndani pamoja na mama yangu mzazi, buti imejaa, saa nane mchana jua linachoma, sindano ikagusa karibu na H. Nikalazimika kusimama kwenye kona ambayo sio sehemu ya kusimama, malori yanapita yanakaribia kugusa kioo cha pembeni, mama anasali kwa sauti na watoto wanalia. Tulikaa pale dakika arobaini nzima na sitaki familia yangu ipitie kitu kile tena.

Gereji ya kwanza wamesema hedi gasketi (ile ya kuziba kati ya hedi, kifuniko cha juu cha injini, na bloku), laki nne na nusu. Ya pili wamesema rejeta imeziba. Ya tatu jamaa alifungua boneti hata hajazima gari akasema toa themostati (ile vali ya kufunga na kufungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta), huku kwenu baridi haina kazi. Sasa nianze na lipi? Hela niliyonayo ni ya ada ya mtoto, sina hela ya kubahatisha.

Kihesa_Stendi
Kamwene mkuu, pole kwa msiba. Huyo fundi wa tatu ndio kasema kweli. Mimi Carina Ti yangu, 5A, nilitoa themostati 2019 na mpaka leo haijawahi kuchemsha, nimeenda nayo Dar sijui mara ngapi. Toa tu.

Fundi_wa_Sido
Pole baba Neema. Kabla hujatoa kitu chochote naomba nikuulize maswali na ujibu kwa ukweli. Je inachemsha ukiwa kwenye mwendo wa 80 na 100 kwenye tambarare? Umesema hapana, Makambako unaenda na kurudi. Je maji yanapungua kwenye rejeta bila kuona yanapovujia? Hilo hujasema. Je AC ulikuwa umewasha? Hujasema.

Nauliza hivi kwa sababu gari inayochemsha ikiwa kwenye spidi na gari inayochemsha ikiwa inatambaa ni wagonjwa wawili tofauti. Ukiwa kwenye 80 upepo unaingia wenyewe mbele ya rejeta, hata feni ikiwa imekufa huwezi kujua. Ukiwa nyuma ya lori la Kongo Kitonga unaenda 15 au 20, injini inafanya kazi kubwa kuliko kawaida halafu upepo hakuna, hapo rejeta inategemea feni peke yake. Kwa hiyo mimi mtu akiniambia inachemsha mlimani nyuma ya malori tu, mkono wangu unaenda kwenye feni kwanza kabla ya hedi.

Jaribu hivi, ni bure kabisa. Washa gari ikiwa imesimama, washa AC, tembea mbele uangalie feni. Lazima izunguke. Halafu zima AC, acha injini ipate moto wenyewe, feni inatakiwa iwake joto likifika nyuzi tisini na kitu, izime, iwake tena. Sasa angalia kitu kingine ambacho wengi hawakijui, magari mengi ya Toyota yenye feni mbili zinazunguka kwa spidi mbili, taratibu na kasi, na kazi hiyo inafanywa na rilei, zile swichi ndogo za umeme. Rilei moja ikifa feni inabaki inazunguka taratibu tu siku zote. Ukiiangalia unaona inazunguka, unasema nzima. Kwa Mwanjelwa taratibu inatosha, kwa Kitonga haitoshi.

Grande_GX110
Fundi umeongea vizuri ila umesahau feni klachi. Ile ndio inaua magari mengi mlimani, mafuta yake ya ndani yakivuja feni inazunguka kilegevu, mimi yangu ilinitesa mlima Lukumburu naelekea Songea mpaka nilipobadilisha. Baba Neema angalia feni klachi.

Fundi_wa_Sido
Grande, yako ni Mark II, injini 1G imekaa kwa urefu na feni inaendeshwa na mkanda, hiyo kweli ina feni klachi. Premio injini imelala kwa upande, feni zake ni za motor ya umeme, haina hiyo kitu. Usimtume mwenzako dukani kutafuta spea ambayo gari yake haina.

Grande_GX110
Nimekuelewa mkuu, hapo nimekosea. Lakini ushauri wangu uko palepale, auze hiyo anunue Grande, silinda sita Kitonga unapanda unaimba.

Mama_Viazi
Anapanda anaimba halafu akifika Ilula anatafuta sheli kaimaliza nauli yote 😂 Kaka Grande kila uzi wewe ni auze anunue Grande.

Mzee_wa_Mafinga
Kijana mimi sijakuelewa kitu kimoja, wewe unaishi Mbeya, Kitonga ni mteremko kwako, inachemshaje kwenye mteremko? Hapo labda breki ndio zinapata moto sio injini.

Baba_Neema_Uyole
Shikamoo mzee. Ni wakati wa kurudi, natoka Morogoro kuja Iringa, hapo ni kupanda. Kwenda naishuka na haina shida.
Fundi, AC nilikuwa nimewasha kwa ajili ya mama, ana presha. Na maji kweli yanapungua, sio mengi, kama nusu lita kwa mwezi. Sioni tone chini.

Mzee_wa_Mafinga
Marahaba. Sawa nimekuelewa sasa.

Dada_Kyela
Naomba niseme yangu kwa sababu naona watu wanaongelea hedi gasketi kama kitu cha mbali. Mimi ilinitokea Kitonga hapohapo, Allion, injini kama hiyo yako. Ilichemsha, nikaegesha, akaja kijana wa watu kwa nia njema kabisa na ndoo ya maji ya mtoni, akafungua kofia ya rejeta kwa kitambaa. Maji yaliruka juu yakamuunguza mkono wote mpaka kwenye kiwiko, mpaka leo nikipita pale nakumbuka ile sauti aliyotoa. Halafu mwenzake akamwaga maji baridi kwenye injini iko vilevile ya moto. Tukasikia tii, kama sufuria. Hedi ilipinda. Tulivutwa hadi Iringa, hedi ikapelekwa leithi kusagwa, gasketi mpya, wiki nzima nimelala kwa wifi yangu Kihesa.

Kwa hiyo jamani, ikichemsha kaa. Zima AC, washa hita mpaka mwisho hata kama mnaungua humo ndani, maana hita inavuta joto kutoka kwenye maji ya injini. Tafuta sehemu salama, boneti wazi, nusu saa au zaidi usiguse kofia. Na maji ukiongeza ongeza kidogo kidogo injini ikiwa imewashwa na imeshapoa. Huyo kijana nilimpeleka hospitali mimi mwenyewe, alipona, lakini kovu analo.

Baba_Neema_Uyole
Dada pole sana. Kwa kweli mimi nilikuwa nusu dakika nifungue ile kofia, mama ndio alinikatalia.

Mwanjelwa_Kwetu
Mama ana busara. Wakuu mbona hakuna aliyetaja masega, yale ya ndani ya katalisti kwenye bomba la moshi? Katalisti ikiziba moshi haupati pa kutokea, injini inakosa nguvu, unakanyaga zaidi, joto linapanda. Ya shemeji yangu ilikuwa hivyohivyo, mjini nzima, kupanda Kawetire kwenda Chunya ikawa inakataa kabisa kuvuka 40, usiku ukiangalia chini ya gari unaona bomba limeiva jekundu. Walipoyatoa masega gari ikawa kama mpya. Baba Neema, gari inapokuwa inachemsha inakosa nguvu pia au inavuta kawaida?

Baba_Neema_Uyole
Inakosa nguvu ndio. Ila siwezi kusema ni masega au ni kawaida ya mlima, CC 1,500 watu watano.

Mwalimu_Ipogolo
Hapo kwenye nguvu nisaidie kidogo maana ndio somo ninalofundisha. Injini isiyo na turbo inavuta hewa ilivyo, na hewa inakuwa nyepesi kadiri unavyopanda. Hesabu ya haraka ni kwamba kila mita 1,000 unapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maana yake gari yako ukiwa Uyole tayari haina nguvu iliyo nayo ikiwa Dar, na hilo sio ugonjwa.

La pili ni maji. Kwa mwinuko wa Mbeya maji kwenye sufuria ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, sio 100, ndio maana maharage ya Mbeya yanachelewa kuiva. Sasa injini inafanya kazi kwenye nyuzi 85 mpaka 100. Unaona hatari ilipo. Kinachozuia maji yasichemke humo ndani ni ile kofia ya rejeta inayobana presha. Angalia juu ya kofia yako, nyingi za Toyota zimeandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ni presha inayobana kabla haijaachia. Kwa presha ya 0.9 hata ukiwa Mbeya maji yanavumilia mpaka kwenye 115 hivi. Lakini mpira wa kofia ukichoka, spring ikilegea, presha haikai, na hapo maji yanaanza kuchemka mapema, yanakimbilia kwenye kile kichupa cha akiba na hayarudi. Unaona yanapungua na tone chini hulioni.

Kofia ni elfu kumi na tano. Sisemi ndio yenyewe, ila mtu anawezaje kuambiwa laki nne na nusu kabla ya kuambiwa elfu kumi na tano? Hilo linaniuma.

Fundi_wa_Sido
Mwalimu 👊 kofia ni kweli nimeisahau, na mimi ninayo mashine ya kuipima presha hapa hapa gereji.

Kihesa_Stendi
Naona mnapita pembeni ya themostati. Nauliza tena, kama ile kitu ni muhimu mbona mimi miaka yote hii sijapata shida?

Fundi_wa_Sido
Shida unayo huioni. Themostati ya injini hizi inafunguka kwenye nyuzi 82. Kabla ya hapo imefunga makusudi ili injini ipate moto haraka. Wewe uko Iringa, mwezi wa sita na wa saba asubuhi unajua baridi yake, gari inatembea mpaka ofisini haijapata moto, kompyuta inadhani bado ndio inawashwa inazidi kumwaga mafuta. Plagi zinakuwa nyeusi, oili inachafuka haraka. Na ukiwa mlimani maji yanapita kwenye rejeta mbio yanarudi kwenye injini hayajapata muda wa kupoa.

Mwalimu_Ipogolo
Fundi nakubaliana na wewe kote isipokuwa hapo mwisho. Hoja ya maji kupita mbio yasipoe mafundi wengi wanaisema ila kifizikia haikai sawa, maji yakipita haraka yanapita mara nyingi zaidi, jumla ya joto linalotoka halipungui. Tatizo la kutoa themostati ni hayo mengine, injini kutofika joto lake. Na kwa injini ambazo themostati yake inafunga pia njia ya mzunguko mfupi, ukiitoa hiyo njia inabaki wazi na sehemu ya maji haifiki kabisa kwenye rejeta.

Fundi_wa_Sido
Mimi nimeona magari yaliyotolewa themostati yanachemsha mlimani, nimerudisha yakapona. Fizikia sijui ila nimeona kwa macho.

Mwalimu_Ipogolo
Sijakataa ulichokiona, naongelea sababu yake.

Kihesa_Stendi
Mkimaliza kubishana mniambie 😄 Carina inaenda.

Mama_Viazi
Carina ya 5A inaenda kweli lakini niambie inakula lita ngapi kutoka Iringa mpaka Makambako, halafu tulinganishe.

Kihesa_Stendi
Hapo sitajibu dada.

Tukuyu_Mvua
Ugonile wakuu. Mimi naona kitu kingine. Baba Neema unaweka maji gani? Kama ni ya bomba au ya kisima jibu unalo. Maji yana chokaa, yanaganda kwenye vijitundu vya rejeta, na ndani ya injini yanaleta kutu. Nilinunua Sylphy kwa mtu wa Mbalizi, nilipofungua rejeta maji yalikuwa rangi ya mfinyanzi. Nikaitoa, ikapelekwa kwa mzee mmoja anafungua rejeta za shaba... hapana yangu ilikuwa aluminiamu na plastiki, akasema hii haifunguliki, nunua. Nilinunua ya mtumba, siku ya tatu ikavuja kwenye plastiki. Mwishowe nikanunua mpya. Tangu hapo kulanti tu, iliyochanganywa tayari, sijaongeza maji ya bomba hata mara moja na Kyela napanda na kushuka kila wiki.

Na wanaosema huku baridi kulanti haina kazi, kulanti sio ya baridi tu. Inazuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka juu zaidi ya maji matupu.

Ludewa_Njombe
Na ya baridi pia ina kazi. Watu wa Makete na Kitulo mnajua barafu ya asubuhi mwezi wa saba, kuna jirani yangu aliacha Corolla nje na maji matupu, asubuhi akakuta rejeta imepasuka.

Mzee_wa_Mafinga
Hiyo sikubali. Nimeishi Makete miaka kumi na moja na gari nje kila siku, majani yanakuwa meupe kweli lakini maji ya ndani ya gari hayagandi kwa baridi ya usiku mmoja wa kwetu. Rejeta ya jirani ilikuwa imeshachoka.

Ludewa_Njombe
Mzee shikamoo, inawezekana ilikuwa imechoka, lakini ndoo nje huwa inagandia juu. Na huyo jirani aliiegesha kwenye bonde kule chini, sio kijijini.

Mzee_wa_Mafinga
Marahaba. Ndoo inagandia juu kidogo tu, ukigonga inavunjika. Rejeta iko ndani ya boneti.

Sae_Dereva
Turudi Kitonga. Mimi ni dereva wa kukodi, Mbeya Dar nimeitafuna sana. Baba Neema nikuambie nilichokiona, watu wa sedani hawajui kupanda. Unaacha gia kwenye D, kila ukikuta nafasi unakanyaga mpaka chini uovateki lori, gari inarudi gia moja inapiga resi kubwa, halafu unakuta lori lingine unashika breki, gia inapanda juu tena. Kila gia inapobadilika haidroliki, yaani mafuta ya gia boksi, inapata moto, na ile haidroliki inapoozwa wapi? Inapita ndani ya rejeta hiyohiyo, chini yake. Kwa hiyo joto la gia boksi unaliingiza kwenye maji ya injini. Zima O/D (gia ya juu kabisa) au shusha kwenye 2, kaa nyuma ya lori kwa umbali mzuri, acha liende. Hutachelewa hata robo saa, na kona za Kitonga sio za kuovateki ukiwa na mama mzazi ndani.

Mwanjelwa_Kwetu
Lakini Premio si CVT? CVT haina hizo gia za kurudi rudi.

Sae_Dereva
Hapana kaka. T240 ya 1.5 na 1.8 ni otomatiki ya kawaida ya gia nne. Yenye CVT kwenye umbo lile la zamani ni ile ya CC 2,000 ya D4. Umbo jipya la kuanzia 2007 ndio CVT imeenea. Na haidroliki zake haziingiliani, hii ya gia nne ni T-IV, ya CVT ni ya kwake peke yake. Nimeona mtu kaweka T-IV kwenye CVT, gia boksi ilianza kutetemeka kabla hajamaliza mwezi.

Fundi_wa_Sido
Sae hapo umetoa madini. Naongezea, ukifungua kofia ya rejeta ukakuta maji yana rangi ya maziwa ya stroberi, simamisha gari hapohapo. Kipoozeo cha gia boksi kimetoboka ndani ya rejeta, maji yanaingia kwenye gia. Hapo hasara sio ya rejeta tena.

Dada_Kyela
Na kushuka je? Maana watu wanaogopa kupanda ila kinachoua ni kushuka.

Sae_Dereva
Dada umesema jambo zito. Kushuka Kitonga, kushuka Mlima Nyoka ukija Uyole, kushuka Iwambi, gia uliyopandia ndio ya kushukia. 2, pakiwa pabaya L. Ukishuka kwenye D na mguu kwenye breki muda wote, pedi zinaungua unasikia harufu, halafu mafuta ya breki yanachemka, pedo linaenda chini kama godoro. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa, na sisi wa Tukuyu na Rungwe mvua haituachi. DOT 3 mpya inachemka kwenye 205, ikishanyonya maji kiwango chake kinashuka mpaka 140. Badilisha kila miaka miwili, ni hela ya chakula cha mchana. Ni wangapi humu mmewahi kubadilisha mafuta ya breki? Semeni ukweli.

Mama_Viazi
Mimi sijawahi. Tangu ninunue gari. Miaka minne na gunia za viazi kutoka Umalila kila Jumamosi. Kesho naenda gereji.

Tukuyu_Mvua
Na mimi sijawahi 🙏

Grande_GX110
Nilibadilisha mwaka juzi, nilipobadilisha pedi. Yalikuwa meusi kama oili.

Baba_Neema_Uyole
Wakuu nimerudi, siku tisa sasa. Nimefuata mlichosema nikianza na cha bei ndogo.

Kofia, nimeipeleka kwa fundi wa hapa mwenye mashine ya presha, haishiki hata nusu ya kilichoandikwa. Nimenunua mpya ya 1.1. Feni, nimewasha AC zikazunguka, nikafurahi, fundi akachomeka mashine akailazimisha spidi ya kasi, zikabaki taratibu. Rilei moja ilikuwa imeungua miguu, tumebadilisha. Maji ya ndani yalikuwa ya bomba na yana kutu, tumesafisha tumeweka kulanti. Themostati ilikuwa ipo, tumeichemsha kwenye sufuria ya maji na kipima joto, imefunguka vizuri, tumeirudisha. Jumla sijafika elfu tisini.

Juzi nimeenda Kyela na kurudi na watu wanne kwa makusudi. Kutoka Kyela mpaka Tukuyu sindano haikutikisika. Kutoka Tukuyu kupanda Isyonje, AC imewashwa, nyuma ya lori la ndizi, ilisogea kidogo. Upana wa sindano yenyewe tu. Nilipofika juu ikarudi. Sasa sijui nifurahi au niogope.

Mwalimu_Ipogolo
Uogope kidogo. Sindano za magari haya zimetengenezwa zikae katikati kwenye joto la upana mkubwa ili dereva asihangaike, ikianza kusogea maana yake joto limeshapanda sana. Nunua kile kifaa kidogo cha OBD cha bluetooth, kinachosoma kompyuta ya gari, uone nyuzi zenyewe kwenye simu. Ukiona 95 mpaka 100 mlimani tulia. Ukiona 108, 110, bado kuna kitu.

Mwanjelwa_Kwetu
Masega.

Tukuyu_Mvua
Rejeta. Umesafisha maji, chokaa iliyoganda kwenye vijitundu haitoki kwa kusafisha. Ukishika rejeta injini ikiwa ya moto, angalia usiungue, utakuta kuna sehemu ya baridi, hapo maji hayapiti.

Fundi_wa_Sido
Kuna kitu kinanisumbua, ile nusu lita kwa mwezi. Inaweza kuwa kofia, na nadhani ni kofia. Lakini gereji ya kwanza isije ikawa walikuwa sahihi kwa bahati. Kabla hujarudi Kitonga fanya kipimo cha gesi, ile dawa ya bluu inayowekwa mdomoni mwa rejeta, injini ikiwa imewashwa. Ikibadilika kuwa njano, moshi wa injini unaingia kwenye maji, hedi gasketi. Ikibaki bluu, hiyo laki nne na nusu lipa ada. Njoo nikupimie, sitakuchaji.

Dada_Kyela
Nenda kaka, usibahatishe tena na mama.

Kihesa_Stendi
Fundi hiyo dawa na kwa Carina unapima? Nauliza tu, juzi niliiona ikisogea kidogo pale Kitonga, upana wa sindano kama ya Baba Neema.

Fundi_wa_Sido
Ilete. Njoo na themostati yake.

Baba_Neema_Uyole
Ahsanteni sana wakuu. Jumamosi asubuhi niko Sido. Na kifaa cha OBD nimeagiza Dar, kinakuja na basi la kesho. Mwezi ujao ni arobaini ya shangazi, lazima tushuke Morogoro na turudi, na mama ameshasema anakuja. Safari hii natoka Morogoro saa kumi alfajiri ili Mahenge nifike jua halijawa kali. Nikishapanda nitaleta nyuzi za kila kona hapa.

Sae_Dereva
Na AC uzime ukifika Mahenge. Mama umfungulie dirisha.

Mama_Viazi
Mafuta ya breki nimebadilisha. Yalikuwa rangi ya chai ya rangi.